Maji ya Saa Nne na Maji ya Saa Kumi

Risala ya wanafunzi wa Fani Ndogo ya Mazingira kwa Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Buswelu, Mwanza

Mgeni rasmi, Profesa Teodora Chenge. Mwalimu wetu Daktari Kashaija. Viongozi wa mtaa. Mama zetu wa mwalo wa Nyamasere mliofika mapema kuliko sisi wenyeji. Wazazi na wanafunzi wenzetu:

Waliotuzidi umri, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi.

KARIBU

Mgeni rasmi, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tumesikia kwamba kabla ya likizo Baraza litaamua kama fani yetu iendelee au ifungwe. Hatutajifanya hatujasikia. Kwa hiyo, badala ya kukusomea orodha ndefu, tumeona tukusimulie habari za mwenzetu mmoja, Nusrat Nurdin, aliyeketi pale mstari wa mbele ameinamisha kichwa. Alituomba jina lake tusilitaje. Tumelitaja.

TULIKOTOKA

Fani hii ilianza miaka mitatu iliyopita. Mwanafunzi anabaki na shahada yake, iwe ya sheria, kemia, uuguzi au ualimu, kisha anaongeza masomo sita ya mazingira yanayofundishwa na idara nne kwa pamoja. Nusrat anasomea ualimu wa Kiswahili na historia. Tuseme kweli: alijiunga kwa sababu kipindi kilikuwa Alhamisi jioni, na Alhamisi jioni hakuwa na kazi. Alipomweleza mama yake, Bi Mwanaharusi, fundi cherehani wa mjini, mama aliacha kushona.

"Mazingira? Yaani nimekupeleka chuo kikuu ukajifunze kufagia?"

"Siyo kufagia, mama. Ni ziwa, ni udongo, ni sheria, ni watu."

"Na ukimaliza utakuwa nani?"

Darasani nako alijiona mgeni. Wa kemia walikuwa na vipimo vyao, wa sheria na vifungu vyao, wa uuguzi na takwimu za zahanati. Yeye alikuwa na ngeli za nomino. Wiki ya tatu akampelekea Daktari Kashaija barua ya kujitoa. Daktari akaitia mfukoni bila kuifungua.

"Twende kwanza Nyamasere," akasema. "Hii nitaisoma tukirudi."

YALIYOTUKUTA NYAMASERE

Nyamasere ni mwalo mdogo, ufukwe ambako wavuvi hushusha samaki na akina mama huanika dagaa. Mwaka jana, masika yalipoanza, watoto waliharisha mfululizo, na watu wakaanza kuwanyooshea kidole waanikaji kwamba wao ndio wanaochafua maji. Ikawa inasemwa kwamba wataondolewa ufukweni kabla ya Pasaka. Familia arobaini zingekosa kazi.

Tulikwenda Jumatano tatu mfululizo. Basi la chuo hutufikisha saa nne asubuhi na kuturudisha saa saba. Kila mara Rebeka, mwenzetu wa kemia, alichota maji palepale wanapochota wakazi, akayapima. Kila mara yalikuwa mazuri. Basi tukahitimisha kwamba ziwa halina kosa, na kwamba tatizo ni uchafu wa waanikaji wenyewe. Mgeni rasmi, sentensi hiyo tulikuwa tumeshaiandika.

Jumatano ile ya tatu Nusrat hakuwa na kipimo cha kushika. Akaketi mchangani kando ya Mama Paskazia, mzoefu kuliko waanikaji wote, akamsaidia kugeuza dagaa. Katika maongezi akauliza ni nani huchota maji ya nyumbani.

"Watoto, wakitoka shule. Saa kumi hivi," alijibu Mama Paskazia. "Nyie mnakuja saa nne, mnachota maji ya saa nne, mnatuambia maji mazuri. Sawa, ni mazuri. Nani kakataa? Njooni saa kumi."

"Saa kumi kuna nini, mama?"

Mama Paskazia alimtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza jua linatokea wapi.

"Upepo, mwanangu. Usiku hadi asubuhi upepo unatoka nchi kavu, unasukuma kila kitu ndani ziwani. Mchana unageuka. Magugu maji yanarudi, na uchafu wote uliotoka kwenye mtaro wa mvua unarudi nayo, unakaa hapa. Kila mtu anajua."

Kila mtu, isipokuwa sisi. Nusrat aliinuka akakimbia, viatu mkononi.

"Rebeka! Usifunge vifaa! Hatuondoki!"

Dereva alinuna mpaka Daktari Kashaija alipomtafutia chai na samaki. Ilipofika saa kumi, ghuba yote ilikuwa kijani. Nusrat anaogopa maji tangu utotoni, lakini aliingia mpaka magotini kumshikia Rebeka chupa. Akateleza, akazama, akaibuka na gugu kichwani kama kilemba. Akina mama walicheka wakasahau dagaa. Chupa lakini hakuiachia, na majibu yalipotoka, maji yale yalikuwa na vijidudu vya kinyesi kupita kiwango mara nyingi sana.

MATUNDA

Ile sentensi tuliifuta kwa aibu. Nusrat akaandika ripoti upya, kwa Kiswahili ambacho mkutano wa mtaa ungekielewa, akaisoma mwenyewe. Hakuna aliyesinzia. Wenzetu wa sheria waliandika makubaliano: maji yachotwe ng'ambo ya majabali yaliyo mwisho wa ufukwe, ambako magugu hayafiki, na mtaro uzibuliwe kila Jumamosi. Wa uuguzi walipita nyumba kwa nyumba kuhimiza kuchemsha maji. Waanikaji hawakuondolewa. Masika yaliyopita zahanati ilipokea watoto thelathini na mmoja wa kuharisha. Masika haya, wanne.

Kuhusu barua, Daktari anasema bado hajapata nafasi ya kuisoma. Na Bi Mwanaharusi huwaambia wateja wake, "Mwanangu ndiye aliyegundua upepo." Tumejaribu kumsahihisha, ameshindikana.

CHANGAMOTO NA MAOMBI

Mgeni rasmi, chuo kinataka wanafunzi ishirini. Sisi tuko kumi na mmoja. Mama Paskazia alipoambiwa hivyo alihesabu wenzake pale mchangani, akasema, "Sisi tuko tisa. Tuandikeni." Tulicheka, yeye hakucheka.

Wengi wanatamani kujiunga, ila vipindi vinagongana na vya idara zao, na fani hii haionekani kwenye hati ya matokeo. Tunaomba ratiba irekebishwe, fani iandikwe kwenye hati, na basi liruhusiwe kubaki hadi jioni, maana ziwa halifuati saa za dereva. Zaidi ya yote, tunaomba mtupe mwaka mmoja mwingine.

KWA KUMALIZIA

Jumatano ijayo tunakwenda kwenye mwalo mwingine, ambako wavuvi wanalalamika kuwa sato wamehama. Sababu hatuijui, na safari hii hatujaandika hata sentensi moja. Nusrat ndiye atakayetuongoza. Basi lina kiti kimoja kitupu, cha dirishani. Tumekuwekea wewe, mgeni rasmi. Njoo na viatu vya kulowana.

Mungu akujalie afya na safari njema, na alijalie ziwa letu watu wa kulisikiliza.

Ni sisi watoto wenu,
Wanafunzi kumi na mmoja wa Fani Ndogo ya Mazingira, pamoja na akina mama tisa wa Nyamasere.