Ukungu Puani Mwangu, Lawama kwa Mama Yangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Mniwie radhi kwa sauti hii inayotokea puani. Pua hii ndiyo iliyonisimamisha mbele yenu leo.

Mimi ni mkulima wa pamba kutoka Kishapu. Miaka ya sabini ikielekea ukingoni, nikiwa nalea mtoto wangu wa kwanza, Kabula, pua yangu iliziba. Nilidhani ni mafua, lakini mafua gani yanapitisha masika na kiangazi? Kichwa kiliniuma hadi nikashindwa kuinama shambani. Harufu zikanipotea, hata maziwa yaliyoharibika nikamnywesha mtoto bila kujua. Kisha jicho la kushoto likaanza kusukumwa nje, jekundu. Wanawake wenzangu wakaacha kusimama nami kisimani.

Nyumbani tulikuwa na mume wangu, Masanja, na mama yangu mzazi, mjane. Ndugu za Masanja walikwenda kwa mganga, wakarudi na jibu kwamba anayeniloga anakula nami chungu kimoja. Ndugu zangu, angekuwa nani huyo kama si mama? Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yake yote. Watu wakaona huo ni ushahidi wa kutosha wa uchawi.

Vijana wakaanza kupita uani kwetu na mapanga, wakisalimia wote isipokuwa yeye. Masanja aliwaacha wapite. Asubuhi moja nilimkuta mama amefunga nguo zake kwenye kitenge. Nilimshika mkono, akaniambia kwa Kisukuma, taratibu:

"Nikibaki, mimi wataniua kwa panga, na wewe utakufa kwa maneno. Acha niende kwa mjomba wako."

Akapanda lori la mizigo kwenda Geita, ambako mjomba alikuwa akichimba dhahabu. Mama aliondoka. Ugonjwa haukuondoka.

Niliomba hadi machozi yakakauka. Ndipo Mungu akamtuma mama mchungaji, akanipeleka hospitali ya misheni. Daktari alinipasua, akatoa puani vinyama na ute mzito wa kahawia, kama siagi ya karanga. Akanieleza kwamba ndani yake mna ukungu, jamii ya ule unaoota kwenye mahindi yaliyolowa. Alisema sote tunauvuta kila siku, na wengi hauwadhuru. Lakini kwangu, chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, ziliushambulia bila kukoma, na sumu zilizomwaga zikaunguza nyama yangu mwenyewe. Ndiyo maana pua ilivimba na jicho likasukumwa. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema kweli hajui.

"Ila mama, hakuna mtu aliyekufanyia hivi," akaniambia.

Siku waliponitoa pamba puani, nilisikia harufu ya sabuni mikononi mwa nesi. Nikalia, na sikulia kwa furaha peke yake.

Nilipopata nguvu nilikwenda Geita kumrudisha mama. Nilimwamkia mjomba, akaitikia marahaba, kisha akaniketisha na kunipa habari. Mama alikuwa amefariki kwa homa ya kifua wakati wa mvua. Mjomba alisema kila msafiri aliyetoka kwetu mama alimwuliza neno moja tu: "Mwanangu anapumua?"

Nilikaa pembeni ya kaburi lake, nikavuta pumzi kwa matundu yote mawili ya pua. Hakukuwa na wa kumwonyesha.

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenipa pumzi. Ugonjwa huu hurudi, na mpaka leo naosha pua kwa maji ya chumvi, lakini ule woga wa kulogwa Mungu ameung'oa kabisa. Wewe uliyefungwa na woga huo, njoo kwake, na hospitali nenda pia. Na kama nyumbani kwako yuko mama mzee anayenyooshewa kidole, usingoje daktari amsafishe jina. Rudi leo, uketi karibu naye, na watu wakuone umeketi.