Sili za Joho la Baba Mkwe

Ndani ya basi dogo la kwenda kijiji cha Alvani, Nanuli alipakata sili mpya za mpira, za kuzuia oili ya ekseli isivujie breki. Kesho yake mumewe angepanda milimani kwenye kondoo wao, kwa gari lao kuukuu.

"Za zamani zina nini, binti?" aliuliza mzee asiyemjua aliyeketi kando.

"Mume wangu alizikata kwenye joho la sufu la marehemu baba yake. Anasema eti joho lililozuia mvua ya mlimani litashindwa na oili?"

Basi zima likatega masikio.

"Sasa wewe unataka kumng'oa mkweo gurudumuni!" mzee akasema.

"Mkwe nampenda, mzee wangu. Ila breki hazishiki."

Basi liliposimama, mzee akamgeukia. "Mwambie mumeo lililochoka ni joho, si baba."