Mama Ekai na Bomba Lisilotengenezwa

Bi Margaret Nakolong, mhudumu wa maabara ambaye shule nzima inamwita Mama Ekai, anastaafu Ijumaa tarehe 29 Agosti 2025 baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Barua za onyo alizopata ni tatu, zote kwa sababu ya bomba moja.

Bomba lenyewe liko nyuma ya maabara na linavuja. Kuvujisha maji hapa Isiolo, kwenye ukame, ni jirani ya dhambi, kwa hivyo Mkuu wa Shule, Bwana Jirma, aliamuru litengenezwe. Mama Ekai alikataa. Alitega beseni, maji yakawa ya kuoshea vyombo vya maabara, na kwenye ule unyevu akalinda mmea fulani wa ukutani, wenye majani madogo ambayo hata mbuzi angeyadharau. Kila jani lina unene wa seli moja tu. Liweke chini ya hadubini, utaona kloroplasti, vile vidonge vya kijani vinavyoupikia mmea chakula kwa jua.

Bwana Jirma aliwahi kumuuliza kama ameolewa na bomba. Alijibiwa kwamba mume mmoja keshamzika, huyu wa pili hazikwi. Fundi Abdub naye alikuja na spana, akamkuta Mama ameketi mbele ya bomba anashona. Alingoja hadi adhana ya alasiri, akaenda kuswali. Hajarudi.

Mwaka jana Mwalimu Kaburu, mwenye digrii, aliandika ubaoni kwamba seli huunda kloroplasti mpya kutoka mwanzo. Mama Ekai, aliyeishia darasa la saba, alimwambia mbele ya Kidato cha Tatu kwamba mwalimu aje kwanza achungulie jani la ule mmea kwenye hadubini. Kaburu alichungulia asubuhi, akarudi saa sita, akarudi jioni. Kidonge kilikuwa kimebanwa kiuno kama kibuyu. Kesho yake vilikuwa viwili. Kinachobana ni pete ya protini. Hadubini yetu haiioni, lakini kazi yake inaonekana. Kloroplasti huzaliwa na kloroplasti, basi. Kaburu alifuta ubao mwenyewe.

Sasa ofisi imeandika kwamba bomba litatengenezwa Jumatatu, Mama akishaondoka. Mmea utakauka ndani ya wiki moja, na watoto wabaki na picha ya kitabuni. Tumesikia. Jumatatu hiyo kipindi cha kwanza cha Kidato cha Tatu kitakuwa nje, wanafunzi arobaini na sita wamelizunguka bomba, na Mwalimu Kaburu ameshakiandika kwenye ratiba kwa wino. Fundi akipata pa kupita, atuambie.

Asante, Mama Ekai. Nenda ukapumzike, upate afya, mvua na miaka mingi. Kukataa umetufundisha, sasa tutakataa wenyewe.