Mbayuwayu, Kijani cha Ukutani na Koki ya Shangazi

Hebu niambie bila kuzunguka: kati ya mbayuwayu na kile kijani kinachojibandika ukutani kama kipande cha ini, yupi hodari zaidi? Benchi letu limegawanyika wiki nzima. Liko nyuma ya duka la Shangazi, karibu na koki inayovuja tangu masika. Mbayuwayu wanachota tope la mvujo huo, wanajenga chini ya paa. Kijani nacho kimetanda pale matone yanaporukia. Fundi bomba wetu ameshindwa kuiziba mara tatu. Leo Shangazi, ambaye ukuta wake unabambuka, kaita fundi mwingine.

Spika, kinyozi asiyejua kunyamaza, alijimiminia kahawa.

— Ndege! Tope mdomoni, tonge kwa tonge, mara elfu. Bandu bandu huisha gogo!

— Anajenga, Spika. Gogo gani linaisha? nikamuuliza.

— Mwalimu, usilete darasa hapa.

Nikalileta. Nikawainamisha ukutani.

— Kijani hiki hakina ua, hakina mbegu, hata mizizi ya maana hakina. Vioneni hivi vikombe, punje ya mchele haienei. Ndani mna watoto. Tone likipiga, linawarusha. Kila mmoja anaanza maisha alipoangukia.

— Asiyefunzwa na mamaye! Spika akashangilia. Basi hiki kijani kilikuwa ndege, akachoka safari. Mabawa yakawa majani. Na vikombe hivyo si viota vyake, bado anavyo?

— Na mayai yanaruka yenyewe, akadakia Shangazi, macho yamemtoka. Mungu fundi! Lakini ukuta ni wangu.

Fundi wetu, aliyekaa mwisho wa benchi na spana yake, hakucheka.

— Usinune, mwanangu, Shangazi akamwambia. Kazi imekushinda tu, si dhambi.

— Huyu hata jasho lake linavuja! Spika akamchoma.

Fundi mgeni akafika, akaipapasa koki.

— Mbona nzima? Mpira wa ndani mpya, uzi wa kuzibia mpya. Nani kailegeza?

Mbayuwayu akashuka, akachota tope, akapaa.

— Mimi, fundi wetu akasema. Niliiziba siku ya kwanza. Kesho yake nikamkuta huyo ndege anadonoa tope kavu, halitoki. Kijani kimejikunja kama karatasi. Nikashindwa kupita nikawaacha hivyo. Kila mkiniita naikaza mbele yenu, mkiingia ndani nailegeza. Mara tatu, Shangazi. Kwa spana hii hii.