Popo wa Mkungu Wetu

Kashif, Zoya, wanangu, sogeeni karibu na kitanda, maana sauti yangu haifiki mbali tena, na nililonalo moyoni sitaki kwenda nalo kaburini.

Nyumba hii ya Mji wa Kale ni yenu, mgawane kama sheria ya dini inavyosema. Kinachonikaa rohoni ni ule ua wa nyuma, uliokuwa na mti wa mkungu alioupanda babu yenu, na popo wakining'inia humo mchana kutwa. Jirani yetu Bi Tumu alikuwa akigombana nao kila asubuhi kwa kumchafulia nguo alizoanika, mpaka marehemu mama yenu akamshonea turubai la kufunika kamba yake. Tangu hapo watu wakaishi, na popo wakaishi.

Kashif, usiinamishe kichwa. Mtoto wako alishikwa na homa, watu wakasema ni popo, ukaogopa kama baba yeyote. Daktari alipokuja kusema ni malaria, mti ulikuwa umeshaanguka, nami nimelazwa hospitali. Niliporudi nilikuta kisiki, na vichanga vya popo vimekauka juani, na jioni mama zao wakazunguka pale palipokuwa na matawi, wasijue pa kutua. Bi Tumu yuleyule alisimama mlangoni akilia: "Bwana Ghulam, mbona mumewafanyia hivi, na mimi nishawazoea?"

Nimekusamehe, mwanangu. Lakini kiwanja chetu cha Majengo kina mkungu, na walionusurika wamehamia huko. Madalali wanakitaka, msikiuze, na mti msiuguse. Waambieni wapangaji wa vyumba vya hapo wafunike matangi ya maji, wasile tunda lililotafunwa, wasiwashike popo kwa mikono; na atakayelalamika, mwendeeni na turubai, msimwendee na matusi. Msimamizi wa huko ni wewe, Kashif. Si adhabu... nataka uwe wewe.

Mnizike kando ya mama yenu, bila makuu. Mola awape nyumba zenye amani, na awajaalie huruma kwa kila kinachopumua... ngojeni, nivute pumzi.

Zoya. Tangu mti ule ukatwe, humsemeshi kaka yako. Mimi nakwenda, mama... sitakuwepo kuwapatanisha. Mwite. Mwite jina lake... nisikie.