Sampuli Namba Tisa

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliokuja kutushika mkono leo, anayesimama mbele yenu ni mdogo wa marehemu, fundi wa friji kama wengi mnavyomjua, na akisoma taratibu mno mumvumilie, kwa kuwa marehemu mwenyewe ndiye aliyemkataza kwenda mbio, na sababu yake mtaisikia humu humu.

Marehemu, ambaye nyumbani tulimwita Polepole, alizaliwa tarehe 14 Machi 1983, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake aliyekuwa fundi saa, kwani mama hakuwahi kufika hospitali, naye alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Alianza shule ya msingi mwaka 1990, na alikuwa bado huko tarehe 9 Juni 1995, siku ambayo tairi la lori lilipasuka nje ya nyumba wakati wa chai, baba akashtuka, akainuka kuchungulia, akaanguka, na ndiyo ikawa basi, akiwa na miaka arobaini na mmoja tu. Polepole alikuwa ameshika kikombe, hakukiachia mpaka shangazi alipokuja kumbandua vidole, na tangu hapo akawa mtu wa kuogopa kishindo, hata puto la mtoto lilimfanya avuke barabara.

Alimaliza sekondari mwaka 2002, akasomea ufamasia chuo kikuu kuanzia 2003 hadi 2007, kisha akaajiriwa kwenye dirisha la dawa la hospitali, ambako alirudiarudia maelezo ya dozi hadi mzee mmoja akamwambia kwamba hata mkewe aliyeishi naye miaka hamsini hajawahi kumsumbua namna ile. Tarehe 2 Novemba 2009 kaka yetu mkubwa, mwalimu wa michezo, alianguka uwanjani akikimbia na wanafunzi, filimbi ikiwa bado mdomoni, ana miaka thelathini na miwili. Hapo Polepole aliacha dirisha, akaingia shahada ya uzamili ya elimu ya dawa mwaka 2010, na ya uzamivu mwaka 2013, akiwa na swali moja tu, kwa nini wanaume wa nyumba hii wanakufa kwa kushtuka.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 2012 na mpiga tarumbeta, jambo lililotuchekesha sana, maana bwana wa watu ilibidi afanyie mazoezi ndani ya gari, vioo vimepandishwa juu. Hawakupata watoto, na familia imekubaliana isifiche, si kwamba walinyimwa, waliogopa.

Kazi yake alitueleza hivi, kwamba kila seli ya moyo ina vipokezi, ambavyo ni kama kengele za mlangoni, homoni ya hofu ikija inabonyeza kengele, ujumbe unapokewa na kupitishwa ndani hatua kwa hatua, moyo unaongeza mwendo, hofu ikiisha kila kitu kinatulia, lakini kwa watu wenye ugonjwa aliokuwa akiuchunguza ujumbe ukishaingia mambo huvurugika huko ndani, moyo ukapiga ovyo, ukasimama. Ili kulinganisha, maabara ilihitaji damu ya watu wazima wa afya, na pale ni desturi wanafunzi kukunja mikono ya shati na kutoana damu wao kwa wao, basi mwezi Septemba 2015 Polepole naye akajitolea, kwa kuwa kipimo chake cha moyo akiwa amelala kilikuwa safi, na kwa kuwa aliamini kabisa kwamba balaa hili ni la wanaume. Siku hiyo hiyo mdogo wake alipita kumsalimia, akashawishiwa kwa soda moja, akatoa damu. Chupa zikapewa namba, orodha ya majina ikafungiwa kwenye droo ya profesa.

Kutokana na damu ile waliotesha seli za moyo, zikapiga zenyewe kwenye kisahani cha plastiki, na Polepole alipodondosha homoni ya hofu, seli za namba tisa zilipapatika, kisha zikasimama. Akaandika daftarini kwamba zimeharibika, akarudia, zikasimama, akarudia mara ya tatu, akalaumu mashine, akalaumu maji. Tarehe 4 Mei 2016 profesa alifungua droo, na namba tisa alikuwa yeye.

Jioni ile alimwambia mdogo wake kwamba majibu ya namba kumi, yaani yake, nayo yapo, naye akamjibu kwa ukali kwamba asithubutu kumwambia, akijua atakufa kwa woga kabla ya ugonjwa. Kila mwaka alimwuliza kama ameamua, kila mwaka akajibiwa mwakani. Polepole mwenyewe alianza dawa inayoziba zile kengele, akatuomba tubishe hodi kwa sauti ya chini, na tusimpigie simu kabla ya kutuma ujumbe. Naye kila alipotaka kumpigia mdogo wake alitanguliza ujumbe, napiga sasa hivi, ni salama tu, na huyu bwana akadhani ni adabu za wasomi.

Mwezi Januari 2024 alishikwa na homa ya mapafu, shinikizo la damu likashuka mno, madaktari wakalazimika kusimamisha ile dawa. Tarehe 21 Februari, saa nne na dakika arobaini asubuhi, sinia la chuma lilianguka wodini karibu na kitanda chake, na madaktari walipigania moyo wake kwa karibu saa nzima.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuachia nyumba zao, profesa na wenzake wa maabara, na hasa mama mhudumu aliyebeba sinia lile, ambaye amekaa pale nyuma analia, mama, tunakuomba usogee mbele ukae nasi, hatuna neno na wewe.

Juzi shemeji alimkabidhi mdogo wa marehemu bahasha yenye namba kumi, akaifungua, ndani mlikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wa dada, kwamba na wewe pia, kidonge kimoja kila asubuhi, nimekuogopea miaka minane, sasa mpeleke mtoto. Mtoto huyo ana miaka tisa, mnamwona pale mlangoni, tangu asubuhi anaruka kamba. Kesho saa mbili anapelekwa kupimwa, na baba yake, anayewasomea haya, anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake, lakini atampeleka.

Pumzika, dada yetu Polepole, huko uliko hakuna tena atakayekushtua.