Dirisha la Mama na Penalti ya Kiguu na Njia

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiguu na Njia, alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1972, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii ambamo jeneza lake limetoka leo asubuhi. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mama yake, fundi cherehani, na marehemu mumewe, karani wa stesheni. Alizaliwa wiki tatu kabla ya siku zake. Mama husema hata tumboni alikuwa hakaliki.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya stesheni, 1979 hadi 1985, kisha sekondari hadi 1989. Alama zake zilikuwa za kawaida, tusimpambe. Shule yake ya kweli ilikuwa uani. Alichora goli ukutani kwa mkaa, na golikipa alikuwa mtoto wa jirani, Komeo. Upande wa kulia wa goli hilo kulikuwa na dirisha la mama, na mwanga wa dirisha hilo ndio uliolisha nyumba. Alilivunja mara moja tu, akiwa na miaka tisa. Mama hakumchapa. Alifunika cherehani siku nne, hadi kioo kilipopatikana, na siku hizo nne wote walikula mara moja kwa siku. Tangu hapo Kiguu na Njia akapiga kila penalti kushoto. Nje ya nyumba, siri hiyo aliijua Komeo tu.

Mwaka 1990 alijiunga na timu ya reli, winga wa kulia. Miaka mitatu baadaye, tarehe 2 Februari 1993, alivuka mpaka akiwa na begi moja na viatu shingoni. Huko alichezea timu sita kwa miaka kumi na minne. Alikula amesimama na kuongea na simu akizunguka meza. Tarehe 21 Juni 1997 alifunga ndoa na dobi aliyefua jezi za timu yake ya pili. Katika picha ya harusi bibi harusi anaonekana vizuri. Bwana harusi ni ukungu.

Miaka minane timu ya taifa ya hapa ilimwangalia kama mteja anayeuliza bei bila kufungua pochi. Mwaka 1999 nchi ya mkewe ikampa uraia na jezi. Mama alikataa katakata.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema.

Dada yake mkubwa, mfanyabiashara wa mbao, akamjibu, "Chema kikikaa rafuni miaka minane, mama, kinashika vumbi. Aende kwa anayemtaka."

Akaenda. Tarehe 7 Septemba 2002 nchi hizo mbili zilikutana. Golini, upande wa timu ya hapa, alikuwa Komeo. Dakika ya themanini na moja, ngoma ikiwa sare, ikatoka penalti, na mpigaji akawa Kiguu na Njia. Mama alikuwa amekaa na redio kwenye cherehani. Mtangazaji akapiga kelele: "Golikipa kaenda kushoto, mpira kulia! Goli!"

Mama akazima redio. Usiku ule simu iliita.

"Mama, tumeshinda."

"Nyinyi nani?" mama akauliza. "Miaka yote unalikwepa dirisha langu, kumbe unalitunza uje uniuzie kwa watu."

Akakata simu. Kwa karibu miaka kumi na saba hakumsemesha. Marehemu alikuja likizo mara tano, na kila mara mama alimgeukia binti yake: "Mwambie mgeni wako chakula kiko mezani." Kiguu na Njia alikula, amesimama, akaondoka kabla ya siku ya tiketi.

Aliacha kucheza 2007, akafundisha vijana. Mei 2018 figo zilimwangusha. Januari 2019 alirudi nyumbani na mkewe. Mashine ya kusafisha damu ilimtaka akae kwa muda wa saa nne, mara tatu kwa wiki, na wauguzi walisema hawajawahi kuona mgonjwa anayetembea amekaa. Mama alimpikia, alimfulia, hakumsemesha.

Mwezi Agosti Komeo alikuja kumjulia hali, dada yake mgonjwa naye akiwepo. Alikaa karibu na cherehani, akakunja kofia mkononi.

"Mama, hili limenikaa. Ile penalti nilimchokoza mimi. Nilimwambia mbele ya watu, 'Piga kushoto kama kawaida, mtoto wa mama, usije ukachapwa.' Wakamcheka wote, hata mwamuzi."

Mama akaondoa mguu kwenye pedali. Kwa mara ya kwanza tangu ile simu, akamtazama mwanawe usoni.

"Mbona hukusema?"

"Ungemfungia mlango Komeo. Yeye ndiye anayekupandia paa likivuja. Mimi nilikuwa mbali, nafaa nini?"

Dada yake, aliyezeeka akipima hasara na faida, alianza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Hesabu ile ilimshinda.

Mama akakata uzi kwa meno. "Komeo, wewe ni mpumbavu. Umemchokoza mpigaji, halafu ukaamini maneno yako mwenyewe." Kisha akamgeukia mwanawe: "Na wewe sogeza kiti hapa penye mwanga. Kaa."

Akakaa, hadi gauni zima likaisha.

Siku zote zisizokuwa za mashine alikaa hapo dirishani. Ndipo alipofariki, Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2019, saa nne asubuhi. Mama alidhani amesinzia. Hakumwamsha, alisema hajawahi kumwona ametulia vile, akawa anashona taratibu asimsumbue.

Marehemu ameacha mama, mke, mabinti wawili, dada, shemeji, wapwa watatu na Komeo, ambaye mama ameagiza aandikwe humu pamoja na familia.

Umezunguka vya kutosha, Kiguu na Njia. Kaa sasa, kwa amani.